Wizara ya mambo ya nje: Bunge liishie mlangoni au liingie ndani?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutupiana vyama.

Akisimama bungeni waziri wa maji, kila mbunge ana kisima kilichokauka cha kumuuliza. Akisimama wa mambo ya nje, ukumbi unapoa. Hotuba inasomwa: ziara za viongozi, mikutano iliyohudhuriwa, mikataba iliyosainiwa, nchi rafiki na ushirikiano wake mwema. Wachangiaji wanapongeza, wawili watatu wanaulizia jengo la ubalozi lililochakaa, jioni mafungu ya bajeti yanapita. Si kwamba wabunge ni wavivu. Hakuna mpiga kura anayemsimamisha mbunge wake njiani kumuuliza habari za Geneva, na mbunge analijua hilo.

Ila Bunge likiamua kuuliza kweli, mambo hutoka. Chukueni Uingereza. Kabul, mji mkuu wa Afghanistan, iliangukia mikononi mwa Taliban tarehe 15 Agosti 2021, na Waafghani waliowahi kufanya kazi na Waingereza wakawa wanaandika barua pepe usiku na mchana kuomba kutolewa. Kamati ya Mambo ya Nje ya Bunge la Uingereza ikaanza kufukunyua. Ofisa mdogo wa wizara akawaandikia wabunge kwamba kisanduku cha barua pepe kilikuwa na maelfu ya maombi ambayo hayajafunguliwa, na kwamba alasiri moja katikati ya heka heka hizo alijikuta yuko peke yake kwenye zamu ya kuyapitia. Kisha akaitwa katibu mkuu wa wizara, Philip Barton. Likaibuka swali dogo tu: ulirudi lini kutoka likizo? Tarehe 26 Agosti. Siku 11 baada ya mji kuanguka, ndege za mwisho za Uingereza zikiwa karibu kuondoka. Mei 2022 kamati ikaandika kwamba imepoteza imani naye.

Hakuna siri ya dola iliyovuja hapo. Kilichoonekana ni uzembe.

Ndiyo maana hoja ya "mambo ya nje ni nyeti" hainiingii kichwani ikitolewa jumla jumla. Nyeti ni nini hasa? Msimamo wa nchi kabla ya mazungumzo, sawa. Taarifa za kiusalama, sawa. Pango la nyumba ya balozi? Bei ya kiwanja? Sifa za mtu aliyeteuliwa? Haya nayo yamepewa hifadhi ya yale ya kwanza, na wala hayaistahili.

Msimamo wangu: Bunge liingie ndani, tena kabla ya saini na kabla ya uteuzi. Karibuni mnipinge.

Mzee wa Itifaki

Mleta mada, nimetumikia balozini sehemu kubwa ya maisha yangu, naomba niseme upande ambao huusemi.

Balozi si mkurugenzi wa halmashauri, kwamba ukishateuliwa unaripoti kesho. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kibalozi, ibara ya 4, unasema nchi inayotuma lazima kwanza ipate ridhaa ya nchi inayopokea, na ikikataliwa hailazimiki kupewa sababu. Hufanywa kimyakimya kwa makusudi, mtu akikataliwa asiaibike yeye wala nchi yake. Sasa mkalishe mtu huyo mbele ya kamera, mbunge amuulize anaionaje serikali ya huko aendako. Akijibu kwa unyoofu, ameharibu kazi kabla hajapanda ndege. Akijibu kibalozi, kesho mnaandika kwamba anakwepa maswali.

Na wabunge nao si malaika. Mwaka 2021 kule Marekani seneta mmoja, Ted Cruz, aliyawekea kizuizi majina ya makumi ya walioteuliwa kwenye wizara ya mambo ya nje, mabalozi wakiwamo, kwa kuwa hakupendezwa na msimamo wa serikali kuhusu Nord Stream 2, bomba la gesi kutoka Urusi kwenda Ujerumani. Walioteuliwa hawakuwa na kosa lolote. Walikuwa rehani tu.

Halafu kuna watumishi. Julai 2003 David Kelly, mtaalamu wa silaha wa serikali ya Uingereza, alihojiwa hadharani na kamati hiyohiyo unayoisifu, kuhusu habari ya BBC juu ya silaha za Iraq. Alijibu kwa sauti ya chini kiasi kwamba wabunge walimwomba aipandishe. Siku mbili baadaye alikufa, na uchunguzi wa Jaji Hutton ukahitimisha kwamba alijiua. Sisemi kamati ndiyo iliyomuua. Nasema mtu aliyefundishwa kunyamaza kazi yake yote hageuzwi shahidi wa runinga kwa siku moja, kisha mkaita huo uwajibikaji. Anayepaswa kukaa kwenye kiti kile ni waziri.

Mlipakodi

Shikamoo mzee. Na ile likizo ya katibu mkuu, nayo ni itifaki?

Mzee wa Itifaki

Marahaba. Hapana, ile alistahili kuulizwa.

Binti Sheria

Mnavichanganya vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina sheria yake: uteuzi, mikataba na fedha. Fedha nawaachia wengine.

Uteuzi, Kenya wameshaamua. Katiba yao ya 2010, ibara ya 132, inasema Rais anateua mabalozi kwa idhini ya Bunge la Taifa. Jina linapelekwa, mwananchi mwenye pingamizi analileta kwa hati ya kiapo, kamati inahoji, ukumbi unaamua. Na mabalozi wa Kenya bado wanapokelewa duniani kote, mzee, hakuna nchi iliyowafungia mlango kwa sababu walihojiwa Nairobi. Majina mengi hupita, hilo nakubali, lakini mtu anayejua atahojiwa huja amejiandaa. Tanzania na Uingereza balozi hapigiwi kura bungeni.

Palipo na uzito zaidi ni mikataba, na hapo ndipo mleta mada umepita haraka. Katiba ya Tanzania, ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Upenyo uko hapohapo. Serikali na mwenzake wakiandika kwamba mkataba unaanza kazi siku ya kusainiwa, hauna sababu ya kupita bungeni. Uingereza wana sheria ya mwaka 2010: mkataba unawekwa mezani kwa siku 21 za vikao, na ukumbi usipopitisha azimio la kuupinga, serikali inaendelea. Kukaa kimya kunahesabiwa kuwa ni kukubali. Sasa wabunge wenye ratiba ile, nani atafungua kurasa zote hizo ndani ya siku 21?

Marekani mambo ni kinyume, theluthi mbili ya Seneti lazima iridhie. Mkataba wa Versailles, ule wa amani na Ujerumani baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Rais Wilson aliukalia Paris kwa miezi akiujadili yeye mwenyewe. Akarudi nao, Seneti ikaukataa Novemba 1919, ikaukataa tena Machi 1920. Watu husema maseneta walikuwa wakaidi, na kweli wapo waliokuwa wakaidi. Lakini tazama ujumbe aliokwenda nao Paris: hakuna seneta hata mmoja. Aliwaletea chakula kilichokwishapikwa, kisha akashangaa wanalalamikia chumvi.

Kwa hiyo naungana na mleta mada kwa sababu nyingine kabisa. Kuridhia baada ya saini kunaumiza pande zote. Bunge lenye meno linaiaibisha nchi kwa kukataa neno la rais wake, na Bunge lisilo na meno linagonga muhuri. Mahali pa kusikilizana ni kabla wajumbe hawajaondoka.

Karani wa Hansard

Nichukue fedha, maana nimesoma mijadala hii mpaka macho yanauma.

Kenya, Oktoba 2010. Kamati ya Bunge ilichunguza ununuzi wa nyumba na kiwanja cha ubalozi Tokyo, ikasema bei ilikuwa kubwa kupita kiasi ilhali serikali ya Japani ilikuwa imependekeza kiwanja kingine. Ripoti ilipofika ukumbini, Waziri Moses Wetang'ula na katibu wake Thuita Mwangi wakakaa kando. Wetang'ula alikana makosa, mwaka uliofuata akarudi wizarani, na tangu 2022 ndiye Spika wa Bunge la Taifa. Kila mtu alisome hilo anavyotaka. Mimi nalisoma hivi: angalau swali liliulizwa kwa sauti, na waziri alitoka ofisini wakati likijibiwa.

Tanzania, jengo la ubalozi Rome. Hapa njia ilikuwa mahakama. Balozi wa wakati huo, Profesa Costa Mahalu, alishtakiwa mwaka 2007 pamoja na ofisa mwenzake, kwa ununuzi wa jengo la euro zaidi ya milioni 3 uliokuwa na mikataba miwili. Mei 2012 Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipanda kizimbani katika mahakama ya Kisutu kama shahidi wa utetezi, akaeleza kwamba serikali yake iliufahamu ununuzi ule na kuubariki. Agosti mwaka huohuo washtakiwa wakaachiwa huru. Miaka mitano ya kesi, kwa maswali ambayo kamati iliyokaa vizuri ingeyamaliza kwa vikao vichache: nani aliidhinisha bei, kwa barua ipi, na mikataba miwili ya nini? Kama majibu yangekuwa kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, mapema, ama mtu asingeburuzwa kortini bure, ama angefikishwa huko na ushahidi unaoeleweka.

Sasa silaha za mbunge ukumbini. Asiporidhika na jibu la waziri kwenye Kamati ya Matumizi (Bunge zima likipitia bajeti fungu kwa fungu), anashika shilingi, yaani anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri ili jambo lake lijadiliwe. Waziri anaahidi kulifanyia kazi, mbunge anarudisha shilingi, watu wanacheka, saa inakwenda. Muda ukiisha, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo. Wizara hii haijawahi kuogopa shilingi.

Na ziara za ukaguzi je? Kamati inakwenda kukagua ubalozi. Nani anawapokea uwanja wa ndege? Ubalozi. Nani anatafuta hoteli, gari, mkalimani na kuandaa chakula cha jioni cha kuwakaribisha? Ubalozi. Nani anaamua wapelekwe wapi asubuhi na wapi pasifikiwe kwa kuwa "muda umebana"? Huyohuyo. Ripoti inarudi na shukrani kwa mapokezi mazuri na pendekezo la kuongeza bajeti. Mara nyingi bajeti kweli inahitaji kuongezwa, kwa sababu pango linalipwa kwa dola na fungu limepangwa kwa shilingi, shilingi ikiteleza kidogo tu ofisa anaanza kumkimbia mwenye nyumba. Ila ripoti ya mgeni aliyelishwa vizuri siichukulii kama ukaguzi.

Mlipakodi

Hapo kwenye chakula cha jioni umenimaliza.

Mzee wa Itifaki

Karani amesema kweli, nimeandaa hafla hizo mwenyewe.

Nakuja katikati. Kabla ya mazungumzo makubwa, waziri akutane na kamati ndani, milango imefungwa, awaeleze nchi inatafuta nini na haitavuka wapi. Kumbukumbu ziandikwe, zifungiwe, zitolewe hadharani mambo yakishapoa. Hapo siri inalindwa na Bunge linajua.

Binti Sheria

Mzee, hilo lina hatari yake. Wabunge kumi na kitu wakishaambiwa siri, midomo yao imefungwa. Mkataba ukija ukumbini ni mbovu, hawawezi kusema walichokijua, na waziri atasimama aseme "kamati ilishirikishwa". Ndivyo kamati inavyogeuka ngao ya wizara. Mimi ningetaka kamati iwe na haki ya kusema jambo moja hadharani bila kueleza undani: tumeshauriwa, na hatujaridhika. Sentensi hiyo moja inatosha kumfanya waziri arudi mezani.

Mleta mada

Nakubaliana na Binti Sheria, lakini sentensi hiyo nani ataisema? Mwenyekiti aliyepewa kiti na chama chake?

Rudini kwenye kamati ile ya Kabul. Mwenyekiti wake, Tom Tugendhat, alikuwa wa chama tawala. Chama chake ndicho kilichokuwa na waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje, na bado ripoti ilitoka vile. Amewahi kuwa mwanajeshi Afghanistan, bila shaka hilo lilimgusa. Lakini kuna sababu kavu zaidi: tangu 2010 wenyeviti wengi wa kamati za Bunge lile huchaguliwa na wabunge wenzao kwa kura ya siri. Kiongozi wa chama hakumweka pale, kwa hiyo hakuwa na simu ya kumpigia ya kumtoa.

Hilo ndilo ningeanza nalo kabla ya kamera za mabalozi.

Mzee wa Itifaki

Kura ya siri kwa mwenyekiti, naunga mkono. Balozi kuhojiwa kwenye runinga, bado nakataa.

Mlipakodi

Na magari ya ubalozi kwenye ziara za ukaguzi?

Mzee wa Itifaki

Wakodi wenyewe. Na hoteli wasituulize.