Wakuu, maneno marefu ya Kinorwei yananitoa jasho. Mkazo unakaa wapi?

Mgeni_wa_Theluji
Habari za saa hizi wanajamvi. Niko Drammen, huku Norwei, mwaka wa pili huu, nafanya mazoezi ya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kusoma nasoma, kuandika naandika, tatizo ni mdomo. Juzi nimemwambia bibi mmoja namletea rullestol, yaani kiti cha magurudumu. Akanitazama kama namwongelesha Kinyakyusa changu cha nyumbani. Nimerudia mara tatu, mwisho nikakionyesha kwa kidole. Akacheka: "Aaa, RULlestol!" Sasa mimi nilikuwa nimesema nini? Sykehus (hospitali) hivyohivyo, nattevakt (zamu ya usiku) hivyohivyo, na herufi zote natamka. Mwalimu kazi yake kusema "sikiliza melodi". Melodi gani jamani? Mtihani wa kuongea ni mwezi ujao.

Kaka_Mpole
Ulisema rulLEstol, nakuhakikishia. Mswahili anabonyeza silabi ya pili kutoka mwisho bila kujijua. Chukua "mwana", mkazo uko kwenye mwa. Liunganishe upate mwanaFUnzi: mwa imenyang'anywa, mkazo wote umekimbilia nyuma. Wanorwei hawakubali hilo, kwao sehemu ya kwanza ndiyo mwenye nyumba. SYkehus, NATtevakt, SENgetøy (matandiko ya kitanda). Ila ile ya pili usiimeze. Ina mkazo wake mdogo, na u ya hus ni ndefu hata humo ndani.

Wa_Uvira
Niongeze hapo kwa Kaka. Usidhani kila mara ni silabi ya kwanza kabisa. Ni ile inayobonyezwa sehemu ya kwanza ikiwa peke yake. Petroli ni benSIN, basi kituo cha mafuta ni benSINstasjon. Kabati la dawa hapo kazini kwako ni mediSINskap. Mimi nilikaa miezi sita nasema MEdisinskap nikijiona mjanja.

Mgeni_wa_Theluji
Kumbe! Na jitu kama oppholdstillatelse? Hicho kibali cha kuishi ninacho mfukoni lakini kukitamka siwezi. Nitajuaje linakatikia wapi?

Wa_Uvira
Tafuta s ya katikati. Glasi ya mvinyo ni vinglass, hakuna s. Lakini mvinyo mwekundu, rødvin, tayari ni maneno mawili yaliyounganishwa. Ukiongeza glasi, s inajitokeza: rødvinsglass. Hiyo s ni mshono. Haipo kila mahali, ila ikiwepo inasaidia sana. Lako ni opphold, s, tillatelse. OPP kwa nguvu, til kidogo, mengine yapite.

Mwalimu_Mstaafu
Mwanangu, mambo haya hata kwetu yapo. Barabara ya lami, na "umesema barabara". Herufi zilezile, mkazo umehama, maana imehama nao. Kwao lammelår, pigo moja kubwa mwanzoni, ni paja la mwanakondoo. Ukilipiga mapigo mawili sawasawa, lamme lår, umeagiza mapaja yaliyopooza. Wenyewe hukosea kwenye maandishi kwa kuyatenganisha, kisha wanataniana: ananasbiter ni vipande vya nanasi, ananas biter ni nanasi linang'ata.

Ile melodi ya mwalimu wako ni toni. Bønder ni wakulima, bønner ni maharage. D haitamkwi, kinachotofautisha ni sauti tu. Maneno ya kuunganishwa huko Oslo na Drammen mengi huchukua toni ya pili: sauti inaanzia juu, inashuka, halafu inapanda tena mwishoni. Ukienda Bergen utakuta vingine. Lakini usikoseshwe usingizi na toni. Ukiikosea watakuelewa, mkazo ndio uliokuponza kwa yule bibi.

Kaka_Mpole
Fanya hivi: piga meza kwa kiganja kwenye sehemu ya kwanza, kwenye ya pili gusa kwa kidole. NATte-vakt. Wiki moja inatosha. Na usije ukaupeleka mkazo mwanzoni kwenye namba, hizo zina mambo yake. 25 ni tjueFEM.

Mgeni_wa_Theluji
Narudisha mrejesho. Nimegonga meza mpaka jirani kauliza kuna nini. Leo nimemwuliza bibi kama nimletee RULlestol. Kaelewa mara moja. Kakataa, anataka kutembea mwenyewe.