Fielder ya Japani: navigesheni yake, skrini mpya au simu?

Kijana_wa_Shela: Asalaam aleikum wanajamvi. Jumamosi nashuka Mombasa kuangalia gari, Toyota Fielder iliyotoka melini juzi. Ina navigesheni ndani, ila ni Kijapani kitupu. Niiache nitafute ramani ya Kenya, niing'oe niweke skrini ya Android, au simu yatosha? Naomba ushauri kabla sijalipa.

Mama_Hindi: Waleikum salaam, mwanangu. Gari la kazi gani? La mwaka gani? Ramani yake ni ya kadi au ya diski? Na mfukoni una ngapi? Hujasema lolote hapo.

Fundi_Dashi: Ramani iliyomo ni ya Japani tu. Ukiwa Malindi, alama ya gari inaelea kwenye skrini tupu. Lakini mfumo wenyewe ni kazi nzuri, tusiudharau. Antena inapokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200, na kompyuta inapima umbali wa kila moja kwa muda ambao mawimbi yametumia kufika. Juu ya hapo inasoma mwendo kutoka kwenye magurudumu, na jairo, kifaa cha kupima mgeuko, inaieleza kompyuta gari limekata kona kiasi gani. Mawimbi yakipotea ndani ya handaki, inaendelea kukadiria, kisha inalisogeza gari kwenye barabara iliyo karibu katika ramani yake. Tokyo hilo lina faida kubwa. Kutoka Mtwapa hadi Garsen kuna handaki gani? Weka skrini.

Kijana_wa_Shela: Samahani mama. Ni ya 2019. Nitabeba wageni: Watamu, Gede, Marafa, mara mojamoja hadi Mokowe. Nina 25,000. Kadi au diski, muuzaji asema hajui.

Baharia_Mokowe: Hajui? Basi usilipe kwanza! Gari langu la mwanzo lilikuwa la kadi. Nikalipeleka kubadilishwa betri, fundi akachomoa kadi akidhani ni ya nyimbo, ikapotea pale pale gereji. Nilipowasha, skrini ikaleta maandishi ya Kijapani na redio ikanyamaza. Nikapiga picha, nikatafsiri kwa simu: yadai kadi ya ramani! Ramani ya Japani, mie niko Mokowe! Kamera ya nyuma nayo giza. Wiki tatu nimezunguka, huyu ataka kufungua redio, yule ataka namba ya siri. Mwishowe niliing'oa nikanunua nyingine. Uliza kadi iko wapi, na uione kwa macho yako.

Dada_Gede: Mimi natumia simu tu, mwaka wa tatu sasa. Ramani ya Kilifi na Lamu nimeipakua nyumbani, barabarani sihitaji bando. Usiibandike kwenye kioo tu, jua la saa saba huichemsha hadi ijizime. Iweke mbele ya tundu la AC.

Mzee_Kipini: Bila bando simu haijui ulipo, binti yangu. Nimejaribu mwenyewe.

Dada_Gede: Shikamoo ami. Yajua. Bando huleta picha ya ramani na habari za foleni. Setilaiti simu huzisikiliza bure, wala haizitumii ujumbe wowote.

Mzee_Kipini: Marahaba. Mbona simu yangu ilikaa muda mrefu pale daraja la Sabaki bila kuonyesha kitu?

Fundi_Dashi: Nyote mmesema kweli. Kukiwa na data, simu huletewa haraka habari za mahali setilaiti zilipo. Bila data lazima izisubiri kutoka kwa setilaiti zenyewe, nusu dakika au zaidi. Simama pahali peupe, itakuja.

Mzee_Kipini: Sawa, hapo nimeelewa. Ila njia ya Marafa mvua ikinyesha, ulizeni wenyeji kwanza. Ramani haijui tope.

Mama_Hindi: Na redio jamani? Za Japani huanzia FM 76 na haziifikii FM 108 yetu. Langu lilihitaji kifaa cha kuongeza masafa, na stesheni zikawa zinasoma namba nyingine kabisa.

Fundi_Dashi: Ndiyo maana nasema skrini, mama. Hilo nalo linakwisha.

Dada_Gede: Amalize 25,000 yote kwa skrini, na tairi je?

Kijana_wa_Shela: Nimempigia muuzaji sasa hivi. Asema kadi "itakuwemo". Baharia, nikifika Mokowe na wageni wakavuka Lamu, gari nalilaza wapi?

Baharia_Mokowe: Karibu na gati, kuna walinzi. Patana bei kabla hujazima injini. Na hilo neno "itakuwemo" mie silipendi.