Mrejesho: ukubwa wa sumaku na nguvu ya kusukumana

Wakuu, niliuliza kama sumaku yenye ukubwa maradufu husukuma mara mbili zaidi. Asanteni kwa majibu. Nimepima, na mrejesho ndio huu.

Niliweka sumaku ya neodimiamu (aina ya sumaku yenye nguvu sana) juu ya gogo dogo la mbao kwenye mizani ya kidijitali (mbao huiweka sumaku mbali na vyuma vya ndani ya mizani), nikarudisha mizani kwenye sifuri, kisha nikashusha nyingine kutoka juu, ncha zinazofanana zikitazamana. Gramu zinazosomeka ndizo msukumo wenyewe.

Kilichonivutia zaidi ni unene. Kuongeza unene kwa kubandikia sumaku nyingine kulipandisha nguvu vizuri, lakini urefu wa rundo ulipozidi kipenyo chake, kila nyongeza ilileta kidogo sana, kwa sababu sehemu iliyoongezwa iko mbali mno na uso unaosukuma.

Ukikuza sumaku zote mbili maradufu kila upande, zikiwa zimekaribia kugusana nguvu hufuata eneo la uso: takriban mara 4. Zikiwa mbali, kinachohesabika ni ujazo. Kila moja imekuwa mara 8, hivyo kwa umbali uleule msukumo hukaribia mara 64! Lakini huko mbali, umbali ukiongezeka maradufu nguvu hushuka hadi 1/16.

Kwa kuwa nataka sumaku ya juu ielee karibu na ya chini, nachukua sumaku pana zenye unene wa wastani, ndani ya bomba la plastiki, maana ikiachwa huru ya juu hupinduka na kunasa.