Gereji imebadilisha pampu ya dizeli ya Land Rover 109 ya marehemu baba, na sasa wanatushawishi tuitupe injini nzima

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Familia yetu ina pikapu ya Land Rover 109, Series III ya mwaka 1976, yenye injini ya dizeli ya silinda nne, cc 2,286. Marehemu baba aliitumia miaka mingi kushusha viazi mviringo na pareto kutoka Isyonje hadi Uyole. Ilipokuwa imekaa bandani muda mrefu, tulikubaliana kama ndugu kwamba irudi barabarani, kwa sababu shamba bado lipo na kila msimu tunawalipa wenye Fuso kubeba mzigo ambao gari letu wenyewe lingeubeba. Tukaipeleka kwenye gereji moja hapa jijini Mbeya. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa shauri letu liko mbele ya uongozi wa mtaa.

Gari halikuwa maiti. Bodi yake ni ya alumini, kwa hiyo ilikuwa imechakaa rangi tu. Chesisi, ambayo ni ya chuma, ilikuwa imeliwa na kutu upande wa nyuma na ilihitaji kuchomelewa. Injini ilizunguka kwa mkono. Tulichoomba kiliandikwa kwenye karatasi na pande zote mbili zikatia saini: kushusha silinda hedi na kubadilisha gasketi, kuweka ringi mpya za pistoni, kusafisha tangi na mabomba, kushughulikia breki, kupeleka pampu ya dizeli na nozeli (vinyunyizi vya dizeli ndani ya injini) zikapimwe kwenye mashine, na kila kifaa cha zamani kitakachotolewa tukabidhiwe sisi wenye gari.

Tulipokabidhiwa gari, lilitoa moshi mweusi na likagoma kuchanganya. Ukikanyaga mafuta, injini inafika mahali fulani halafu inajizuia, kama ng'ombe aliyefungwa kamba fupi. Kupanda kutoka Uyole kwenda Isyonje likiwa tupu, bila gunia hata moja, ilitubidi tutumie gia ya pili karibu njia yote. Mafundi wakasema gari ni la kizamani na nguvu zimekwisha.

Huo ni uongo, na nitaeleza kwa nini. Injini hii hutumia pampu ya CAV aina ya DPA. Pampu za aina hiyo zilifungwa pia kwenye matrekta mengi yaliyokuja nchini, na kwa macho zinafanana kabisa, lakini gavana (sehemu inayozuia injini isizidi mizunguko iliyopangwa) na kipimo cha mafuta cha kila moja hupangwa kulingana na injini inayokusudiwa. Injini ya Land Rover hii hutoa nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, ilhali yale matrekta hukomea karibu nusu ya hapo. Kila pampu ina kibati kidogo ubavuni chenye namba zake. Mdogo wangu alikuwa amepiga picha kibati cha pampu yetu kabla gari halijaondoka nyumbani. Namba zilizo kwenye pampu iliyomo sasa si zile, na lakiri, yaani muhuri wa kiwandani, ya skrubu inayopanga mwisho wa mizunguko imekatwa, maana yake kuna mtu aliyeifungua akijaribu kuilazimisha pampu ya trekta ifanye kazi ya gari. Nilipowaonyesha picha, nikaambiwa kwamba pampu ni pampu tu. Ile yetu ikaulizwa iko wapi, kimya. Zile nozeli za zamani je? Zimekwenda na vyuma chakavu.

Jambo la hita plagi, zile plagi zinazopasha injini joto kabla ya kuwasha, linaonyesha jinsi kazi ilivyofanywa bila kujali. Katika injini hii plagi nne zimeunganishwa kwa mfuatano, umeme unapita kwenye moja kwenda nyingine, na kila moja inatumia sehemu ndogo tu ya volti za betri. Ikiungua moja, zote zinazimika. Walitoa moja iliyoungua, wakafunga mahali pake plagi ya volti 12 ya gari la kisasa, ambayo inaumeza umeme karibu wote na kuziacha tatu zikiwa baridi. Kwa baridi ya Isyonje ya mwezi Juni, wakati majani yanaamka na barafu, gari la namna hiyo haliwaki asubuhi bila kusukumwa. Fundi aliyetenga muda wa kufuata waya kwa taa ya kupimia umeme angeliona hilo mara moja.

Sasa wanatushauri tuing'oe injini nzima na kuweka ya Kijapani, ambayo kwa bahati wanayo tayari pale uani. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, unaanza safari nyingine ya kusahihisha kadi, kuunda viti vya injini, kuoanisha injini na gia boksi, na mwisho una gari ambalo si lile. Wanadai spea hazipatikani. Zinapatikana! Land Rover za Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, nyingi bado zinatembea duniani, na hadi leo Uingereza kuna viwanda vinavyotengeneza gasketi, ringi, beringi na nozeli zake. Kinachokosekana ni fundi anayekubali kusoma kitabu cha gari kabla ya kushika spana.

Kwa hiyo tunachodai ni pampu yetu yenye namba zetu na nozeli nne, au thamani yake kwa fedha. Injini haitoki.

Ninaomba msaada wa mambo mawili. Kwanza, kama kuna mtu anayemjua fundi pampu mwenye mashine ya kupimia DPA, iwe Mbeya, Makambako au Iringa, na ambaye atakubali nisimame pale akiifanyia kazi, aniandikie ujumbe wa faragha. Pili, mafundi na wanunuzi wa vyuma chakavu wa Mwanjelwa, Soweto na Mbalizi: mkiletewa pampu ya CAV ya silinda nne yenye alama ya rangi ya buluu iliyopakwa kwa brashi kwenye mfuniko wa juu, msiivunje. Alama hiyo aliiweka baba. Nitainunua kwa bei yenu.