Mliosoma Marekani mkaishi na Wahindi: tupeane uzoefu kabla madogo hawajapanda ndege Agosti

Mzee wa Kilo 23

Wakuu habari za mida hii. Kuna mtoto wa shangazi yangu kapata chuo Indiana, anaondoka Agosti, jana kanipigia eti bro nibebe nini nisibebe nini, nikabaki nacheka peke yangu maana karibu kila nilichonacho cha kumwambia nilifundishwa na Wahindi. Sio utani. Mwaka wa masomo 2023/24 wanafunzi kutoka India walikuwa 331,602 kule, wakawapita hadi Wachina, kwa hiyo popote utakapotupwa, hata kamji kenye sheli moja, utawakuta, na hilo linalokusumbua wewe leo wao walishalitatua juzi na liko kwenye grupu lao la WhatsApp.

Naanza na la kwangu. Natua Chicago, O'Hare, nina saa mbili kabla ya ndege ya pili, nikajiona nina muda mpaka wa kunywa chai. Hakuna aliyeniambia kwamba hata kama begi limebandikwa karatasi ya mpaka mwisho wa safari, uwanja wa kwanza unaoingilia Marekani unalichukua mwenyewe, unapita nalo forodha, halafu unalikabidhi upya. Hiyo moja. Ya pili, afisa ananiuliza I-20, ile fomu ya chuo inayothibitisha wewe ni mwanafunzi wao, iko wapi. I-20 iko ndani ya begi kubwa, chini ya masweta, mama kaipanga vizuri isije ikajikunja. Namuonyesha picha kwenye simu, jamaa hata hacheki. Nikapelekwa chumba cha pembeni nikae kwenye kiti ningoje.

Mle ndani nikakuta wadada wawili wa Hyderabad, nao wameitwa kwa mambo yao, kila mmoja kakumbatia faili la plastiki utadhani kabeba kichanga: I-20, risiti ya zile dola 350 za SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), barua ya chuo, stetimenti ya benki, kila kitu na kopi yake. Mmoja akanimegea kashata ya karanga. Kashata kabisa hii ya kwetu, wao wanaiita chikki. Ndege yangu ikaondoka nikiwa bado natafuna. Tukaulizana unaenda wapi, kumbe chuo kimoja, na chama cha wanafunzi wa Kihindi kimewatumia gari, dada wa watu akapiga simu moja nikasogezewa siti. Wiki nzima nililala kwenye zulia la sebule ya vijana watano nisiowajua hata majina, na hawakunidai senti.

Leteni na nyie.

Dagaa wa Mwanza

😂😂 Umenikumbusha mbali kaka. Mimi nilipanga na mabinti watatu wa Kigujarati, Richardson, pembeni ya Dallas. Nyama hawali, samaki hawali, na mmoja wao hata kitunguu na viazi hagusi kwa dini yake. Mimi hilo sijauliza, nimeona tu kodi nafuu nikalipa depositi. Jumamosi ya kwanza wametoka, nikasema ngoja nijipoze roho, nikatia dagaa kwenye mafuta.

Nyumba za kule zimefungwa kila upande, madirisha yenyewe hujui yanafunguliwaje. Dakika tatu tu king'ora cha moshi kinalia, kikadakwa na cha kwenye korido, jengo zima likatoka nje, mimi nimesimama kwenye nyasi na kanga na mwiko mkononi, gari la zimamoto hilo linaingia. Wale mabinti wakarudi wakanikuta. Hawakunigombeza, ila ile harufu ilikaa kwenye mapazia mpaka kwenye mitihani.

Tukakaa kikao. Sufuria zangu mbali, rafu yangu ya friji mbali, vyenye harufu ninapikia kwa Mnaijeria wa jengo la tatu. Baada ya hapo tuliishi kama ndugu. Wakanionyesha duka la Kihindi, jamani, mnaenda kuteseka na mkate wa sukari wakati mbaazi zipo, choroko zipo, dengu, bamia, tui la nazi, unga wa chapati magunia kwa magunia. Patel Brothers wenyewe walianza na kaduka kamoja pale Devon Avenue, Chicago, mwaka 1974, sasa hivi wametapakaa. Halafu bebeni jiko la presha lile la kuweka juu ya moto, usibebe cha umeme, umeme wao ni volti 120, blenda yangu ya kutoka Kariakoo ilikuwa inazunguka kama inasinzia.

Msee wa Kondele

Mimi niliishi na jamaa wa Pune, Buffalo, baridi ile msiulize. Siku ya pili tu namskia anaongea na mamake kwa simu, Kihindi tupu, halafu katikati naskia "bima". Nikainua kichwa. Nikamuuliza umesema nini, akasema bima, insha... yaani bima! Kumbe wao pia wanaiita hivyo hivyo. Na dunia, na kitabu, na rangi, na laki. Tulicheka usiku mzima.

Sasa angalieni vile yeye alikuja na vile mimi nilikuja. Huyu jamaa alikuwa ameziba meno yote nyumbani, ana miwani pea mbili na karatasi ya daktari ya vipimo, dawa za miezi mitatu kwenye pakiti zake na cheti cha daktari. Mimi nilikuja na Panadol na maombi. Bima ya chuo ilikuwa haigusi meno wala macho, hiyo nilijua nikiwa tayari nimeshika shavu.

Ikaja ile siku niliteleza kwa barafu nikaumia kifundo, nikakimbilia emajensi ya hospitali moja hapo, nikapigwa picha nikafungwa bandeji nikaenda zangu. Wiki tatu baadaye bili: dola 2,300. Mimi nina bima! Jamaa akanikalisha chini: kwanza unaenda kliniki ya chuo, ikiwa imefungwa unatafuta ile kliniki ya haraka ya mtaani, emajensi ni ya mtu anayekufa. Halafu usilipe hiyo karatasi ya kwanza, piga simu uitishe bili iliyochambuliwa kitu kwa kitu, uulize fomu ya msaada kwa wasio na kipato. Nilijaza, wakashusha hadi 640, nikalipa pole pole mwaka mzima. Hiyo fomu hakuna mtu angenipea kama sikuuliza.

Kijana wa Upanga

Mimi ndio niko katikati ya huu uzi wenu 😅 Baba na mama Wahindi wa Kikutchi, wa Dar, pasipoti ya Tanzania, nimezaliwa Upanga. Nafika Tempe, Arizona, Wahindi wananiuliza wa jimbo gani, nawaambia Dar es Salaam, wanadhani nimekosea kutamka. Waafrika nao kwenye mkutano wao wa kwanza wakanielekeza kwamba chama cha Wahindi ni chumba cha pili. Mpaka dada mmoja wa Tanga aliponisikia nikisema "daah mshikaji acha hizo" ndio nikapewa sahani ya pilau.

Ninachoongeza ni nyumba. Usitume depositi kwa mtu ambaye hamna anayemjua, hata picha ziwe nzuri vipi. Nilituma dola 400 kwa "mwenye nyumba" aliyesema yuko safarini, nikafika kwenye hiyo anwani nikakuta ni sehemu ya kuosha magari. Kwenye grupu la Wahindi siku hizi kuna mtu anatumwa kwenda kupiga video ya chumba kabla mtu hajalipa. Ombeni hivyo hivyo, hawakatai.

Mosha vyombo wa zamani

Naona mnawasifia tu, ngoja niseme walikonitumbukiza mimi. Bila kukusudia lakini.

Nilikuwa naosha vyombo kwenye jiko la chuo, saa 20 kwa wiki ndio mwisho wakati wa masomo, dola 11 kwa saa, mwaka mzima nikapata kama 7,000. Imefika Machi watu wanajaza kodi, rumeti wangu wa Chennai kajaza 1040-NR yake, ile fomu ya kodi ya wageni wasio wakazi, karudishiwa hela yote aliyokatwa. Nikasema nipe niangalizie. Nikakopi mstari kwa mstari, na mimi nikarudishiwa yote, nikanunua koti na viatu vya theluji.

Kumbe India ina mkataba wa kodi na Marekani, na kifungu cha 21 kinamruhusu mwanafunzi wa Kihindi kuondoa kwenye kipato chake, kabla ya kukatwa kodi, lile punguzo la kawaida wanalopata Wamarekani, kwa mwaka 2023 lilikuwa dola 13,850, kwa hiyo kwa mshahara ule wake hadaiwi kitu. Tanzania haina mkataba huo, Kenya pia haina. Mimi nilitakiwa kulipa karibu 700. Nimekuja kugundua mwaka uliofuata kwenye semina ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, jasho likanitoka kwenye theluji, nikajaza marekebisho mwenyewe nikalipa na riba kidogo kabla hawajaniandikia barua. Koti lenyewe zipu ilishakufa.

Na hata kama hukufanya kazi hata siku moja, fomu 8843, ile ya kuwaeleza watu wa kodi siku ulizokaa kule kama mwanafunzi, unatuma. Hiyo Mhindi na wewe mko sawa.

Mzee wa Kilo 23

Duh mkuu, hiyo ya kodi hata mimi siijui, na nilikopi hivyo hivyo 🙆🏾 Ngoja nikachimbue makaratasi yangu.

Dogo wa Agosti

Shikamooni wote, mimi ndio huyo mtoto wa shangazi, nimesoma yote. Naomba kuuliza, ugali unapatikana? Na jiko la presha naliweka begi gani?

Dagaa wa Mwanza

Marahaba mdogo wangu. Ugali upo, tafuta unga mweupe wa mahindi, soma pakiti vizuri, ule wa njano unatoka kama keki. Jiko weka begi kubwa, mfuniko ufunge na taulo, ndani jaza soksi na bizari zako, na ukiulizwa forodha kama una chakula sema ndio, waonyeshe. I-20 usiiweke humo.