Yule mzee wa udi kwenye ndege ya Songwe kaniambia "PANDA BASI"!!

Kijana wa Uyole

Wakuu, naandika nikiwa hapa Mbalizi, kichwa kinagonga, macho mekundu, shati linanuka marashi ya mtu mwingine. Nikifika nyumbani sijui naanzia wapi kumweleza mke wangu.

Mnamjua. Kila aliyewahi kupanda ndege ya asubuhi kutoka Dar kuja Songwe, uwanja wetu wa Mbeya, anamjua. Kaunda suti, mkoba wa ngozi, chupa ya kifuniko cha dhahabu. Harufu yake inatua Songwe, inachukua teksi, inafika mjini, ndege yenyewe bado iko angani.

Mlango haujafungwa, kashaanza. Shingo, viganja, kaunda suti mbele, kaunda suti nyuma. Nikanyamaza, nikajua mzee anajiweka sawa, atamaliza. Tukapaa. Juisi ikapita, juisi ya embe ina ladha ya udi! Mtoto aliyekaa nyuma yangu kapiga chafya kuanzia Morogoro mpaka Makambako. Mara rubani anatangaza Songwe kuna ukungu, tutazunguka kwanza. Watu kimya, wengine midomo inacheza kwa sala. Na HAPO, wakuu, hapo hapo, mzee anafungua mkoba. Psss. Psss. Psss. Milango imefungwa, dirisha la ndege halifunguki, tuko juu ya Mbeya hatuna pa kukimbilia.

Nikamgeukia kwa adabu zote nilizolelewa nazo: "Shikamoo mzee. Samahani, naomba usipulizie humu ndani, kuna watoto, na wengine tuna pumu." Marahaba hakuitikia. Akanitazama kuanzia viatu mpaka utosini, akabonyeza tena huku kanikazia macho, akasema: "Kijana, ukitaka hewa panda basi."

Panda basi!! Nauli nimelipa, siti ninayo, mkanda nimefunga, naambiwa panda basi!

Mhudumu akaja. Nikajua sasa haki inatendeka. Akampa mzee tishu. Mzee! Anayetokwa machozi ni mimi!

Sigara ziliondoka kwenye ndege. Marekani walizipiga marufuku karibu safari zote za ndani tangu 1990, na waliokuwa wanavuta walilalamika, wakazoea. Marashi mtu anaachiwa apulizie kama anaua mbu, tena na mwenye pumu amekaa pembeni. Mwenye pumu akibanwa kule juu nani atashuka kumtafutia hewa? Na ile shikamoo yangu iko wapi? Mpaka sasa haijaitikiwa!

Mkinga Halisi

Weka picha ya chupa mkuu, tujue tunajadili nini. Watu wanatafuta hela wanukie hivyo, wewe umenukishwa bure unafungua uzi.

MamaNdizi Tukuyu

Namjua huyo! Alikaa mbele yangu. Mtandio nimeufua, nimeuanika, ukanyeshewa mvua yote ya Tukuyu, na bado yumo.

Fundi Bawa

Mleta mada yuko sahihi kuliko anavyojua. Kwenye jeti nyingi karibu nusu ya hewa ya ndani inachujwa na kurudishwa kwa abiria, nusu nyingine ni mpya kutoka nje. Vile vichujio vya HEPA vinakamata vumbi na vijidudu. Harufu ni gesi, inapita kama haioni kitu, labda kichujio kiwe na makaa ndani yake. Hewa yote hubadilika kila baada ya dakika chache, kwa hiyo ukijipulizia mara moja inapungua. Ukiendelea kubonyeza, ndiyo hayo yaliyomkuta mwenzetu.

Kijana wa Uyole

Ndaga fijo Fundi! Mmeona? Na alibonyeza ANANITAZAMA. Ile ya kwanza ningesamehe. Ya kunitazama usoni, tena baada ya shikamoo, siwezi.

Ilemi Juu

Kwani hawakaguliwi? Safari nyingi za nje chupa ikizidi mililita 100 hupiti nayo mkononi.

Mkinga Halisi

Mililita 100 za udi ule zinatosha kata nzima na mtaa wa jirani. Mwacheni mzee wa watu anukie.

Kitonga Hoi

Wewe umeambiwa panda basi unalia. Sisi TULIOMO kwenye basi tuambiwe nini? Jana natoka Mbezi, jirani kavua viatu tangu Mikumi. Dereva naye kaning'iniza manukato ya gari kwenye kioo, harufu ya stroberi, ikakutana na zile soksi. Tumefika Kitonga, lori limelala barabarani, foleni haisogei, kiyoyozi kimezimwa, madirisha hayafunguki. Ningempata huyo mzee wako ningemwomba anipulizie mpaka puani.

MamaNdizi Tukuyu

Soksi na stroberi, Mungu wangu 😂😂

Ilemi Juu

Mimi wala siyo harufu. Tangu ndege zihamie Songwe 2012 teksi ndizo zinatumaliza. Uwanja wa zamani ulikuwa hapa hapa mjini, unashuka unatembea na begi lako. Sasa ukishuka unapangiwa bei kana kwamba unanunua gari lenyewe.

Kitonga Hoi

Na ukungu ukigoma mnarudishwa Dar, hizo teksi unazitamani.

Kijana wa Uyole

Turudi kwenye mada jamani. Shikamoo haikuitikiwa!

MamaNdizi Tukuyu

Kwa harufu nzuri mimi najua moja tu, mchele wa Kyela. Hauna chupa, haumkeri mtu.

Mbarali Original

Nusu ya huo mnaouita Kyela umelimwa kwetu Mbarali. Mnabadilisha magunia njiani halafu sifa mnachukua nyie.

MamaNdizi Tukuyu

Nani kabadilisha magunia? Kyela ukiinjika jikoni, jirani wa nyumba ya tatu anajua leo mnapika nini.

Mbarali Original

Na wa kwetu ukiiva huyo jirani anakuja na sahani yake.

Kijana wa Uyole

Jamani nimeambiwa PANDA BASI, nyie mnaongelea mchele?

Kitonga Hoi

Samahani wakuu, huo wa Kyela pale Mwanjelwa kilo shilingi ngapi leo? Nina shughuli Jumamosi.

Mkinga Halisi

Unataka gunia au kilo? Njoo inbox, usafiri juu yangu.