Naomba ushauri: nataka kugeuza riwaya ya mapenzi kuwa filamu, mwandishi alishafariki

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma, nina kikundi kidogo cha waigizaji. Kuna riwaya ya mapenzi niliyoisoma nikiwa sekondari, mwandishi wake kafariki yapata miaka 20 sasa. Nataka niihamishie huku kwetu: binti wa Hombolo anayechuma zabibu na kijana dereva wa lori. (Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo nikikosa msimu mmoja sijafa.)

Mwenzangu anasema tubadili majina tu tuanze kurekodi. Mimi roho inasita. Najua sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi hadi miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na kubadili majina hakuifanyi hadithi iwe yangu.

Nimempata mtoto wake mmoja, kakubali kwa mdomo. Ila wako ndugu wanne! Je, wasaini wote, au msimamizi wa mirathi peke yake anatosha? Na malipo, nitoe kishika uchumba kwanza au tukubaliane asilimia ya mauzo? Mfuko wangu mnaujua, wa msanii.

Aliyewahi kupita njia hii anisaidie kabla sijakodi kamera.